Mhasibu mpya na soko la ng'ambo: mshahara mkubwa si lazima uwe faida

KILA matokeo ya mitihani ya juu ya uhasibu yanapotoka, familia nyingi za wafanyabiashara hapa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza huanza mjadala mmoja. Kijana amefaulu, ana cheti cha CPA mkononi, na kuna mtu amemwambia kuwa Dubai au London mhasibu kama yeye analipwa mara tatu. Baba ana kiwanja Chanika ambacho anaweza kukiuza. Mama ana akiba ya duka. Swali linabaki moja: fedha hizo zitoke au zisitoke?

Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa kwa fahari ya familia zaidi kuliko kwa kalamu. Hili ni kosa, kwa sababu kumpeleka mhasibu mpya nje ni uwekezaji kama kununua hisa au kufungua tawi la duka. Kuna mtaji wa kuanzia, kuna mapato ya kila mwezi, kuna gharama za kuendesha, na kuna hatari ya sarafu. Mfanyabiashara ambaye hawezi kuagiza kontena bila kujua gharama yake mpaka bandarini hana sababu ya kumsafirisha mwanawe kwa kutazama tarakimu moja tu ya mshahara.

Cheti kinasafiri, leseni haisafiri

Jambo la kwanza la kulielewa ni bidhaa yenyewe inayouzwa. Hapa nchini taaluma hii inasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hiyo ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la wahasibu (IFAC). Aidha, tangu Julai 2004 Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, ambavyo Kenya ilivianza mwaka 1999. Kwa hiyo mizania anayoiandaa mhasibu wa Dar es Salaam inasomeka bila mkalimani Nairobi, Muscat au London. Huo ndio upande wa cheti unaosafiri.

Upande usiosafiri ni haki ya kutia saini. Ukaguzi wa hesabu za kampuni unalindwa na sheria za kila nchi, na anayesaini ripoti ya mkaguzi lazima awe amesajiliwa na chombo cha nchi hiyo. Mtanzania mwenye CPA hawezi kufika London na kufungua ofisi ya ukaguzi, kama ambavyo Mwingereza hawezi kufika Posta na kufanya hivyo bila NBAA. Anachoweza kufanya ni kuajiriwa: kuandaa hesabu za kampuni, kufanya ukaguzi wa ndani, kushughulikia kodi, au kuwa msaidizi ndani ya kampuni ya ukaguzi ambayo mkuu wake ndiye mwenye leseni.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huisahau. Kufaulu mitihani ni hatua moja. Kusajiliwa kuwa mhasibu kamili kunahitaji uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Chama cha ACCA cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1904 na chenye wanachama wengi Afrika Mashariki, hudai miezi 36 ya uzoefu juu ya mitihani 13 kabla ya kumpa mtu uanachama. Aliyemaliza mitihani bila miezi hiyo bado si mwanachama. Waajiri wa nje wanaijua tofauti hii vizuri sana, na ndipo wanapopatia nafasi ya kuteremsha bei.

Ghuba inanunua nini

Soko linalotajwa zaidi na vijana ni la nchi za Ghuba. Sababu ya mahitaji huko ni ya kikodi. Kwa miaka mingi Falme za Kiarabu hazikuwa na kodi ya ongezeko la thamani wala kodi ya faida kwa kampuni nyingi, na mfanyabiashara wa kati aliweza kuishi na daftari la kawaida. Hali hiyo imebadilika. VAT ya asilimia 5 ilianza Januari 1, 2018 katika Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Saudi Arabia iliipandisha hadi asilimia 15 Julai 2020, na Oman ikaanza yake ya asilimia 5 Aprili 2021. Kisha Falme za Kiarabu zikaleta kodi ya kampuni ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000, kwa miaka ya hesabu inayoanza Juni 1, 2023 au baada yake.

Penye kodi pana vitabu, na penye vitabu pana ajira ya mhasibu. Hilo ni jema kwa muuzaji. Lakini msomaji wa ukurasa huu anajua kwamba bei haiamuliwi na mahitaji peke yake. Upande wa ugavi umejaa Wahindi, Wapakistani, Wafilipino na Wamisri, wengi wao wakiwa na uzoefu wa miaka mitano au zaidi, tena tayari wako humo humo mjini na hawahitaji kulipiwa nauli.

Zaidi ya hapo, serikali za Ghuba zinazuia sehemu ya soko kwa ajili ya raia wao. Saudi Arabia mwaka 2021 iliamuru kwamba kampuni yenye wahasibu watano au zaidi iwe na raia wasiopungua asilimia 30 kati yao, na mhasibu mgeni lazima ajisajili na chombo cha wahasibu cha nchi hiyo. Falme za Kiarabu tangu mwaka 2022 zinazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kuongeza raia katika kazi za kitaalamu kwa asilimia 2 kila mwaka. Oman nayo ina mpango wake, na mwaka 2021 ilizifunga kwa wageni kazi za fedha na hesabu katika kampuni za bima.

Maana yake kwa mhasibu mpya ni kwamba nafasi za chini, zile zisizohitaji uzoefu, ndizo zinazochukuliwa kwanza na raia. Zinazobaki wazi kwa mgeni ni za mtu anayeweza kufunga hesabu za mwezi bila kuelekezwa.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Takwimu za mshahara na matumizi hapa ni za kupigia hesabu tu. Kila familia iweke zake. Viwango vya kodi na makato ni vya kweli.

Mhasibu mpya Dar es Salaam ameahidiwa sh. 1,500,000 kwa mwezi. Mfuko wa NSSF unachukua asilimia 10, yaani sh. 150,000. Katika sh. 1,350,000 zinazobaki, kodi ya mshahara ni sh. 233,000: sh. 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya sh. 350,000 zinazozidi. Mkononi anabaki na sh. 1,117,000. Akitumia sh. 700,000 kwa chumba, chakula na daladala, anaweka akiba sh. 417,000.

Sasa inakuja barua kutoka Dubai. Inasema dirham 6,000 kwa mwezi, bila kodi ya mapato. Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997. Kama dola moja ni sh. 2,400, kila dirham ni takriban sh. 653, na barua hiyo ina thamani ya sh. milioni 3.9. Hapo ndipo nderemo huanzia nyumbani.

Kalamu isiwekwe chini bado. Kodi ya nyumba ya kushirikiana na mwenzake, tuseme dirham 3,000. Chakula 1,200. Usafiri 600. Simu, nguo na dharura 500. Jumla ni dirham 5,300. Kinachobaki ni dirham 700, sawa na sh. 457,000. Kijana amevuka bahari ili kuongeza akiba yake kwa sh. 40,000 kwa mwezi.

Kama kumsafirisha kumegharimu sh. milioni 8, kwa maana ya nauli, uhakiki wa vyeti, viza, malipo ya awali ya nyumba na chakula cha mwezi wa kwanza, basi mtaji huo utarudi baada ya miezi 200. Hiyo ni zaidi ya miaka 16, wakati mikataba mingi ni ya miaka miwili.

Barua ya pili inasema dirham 9,000. Matumizi ni yale yale ya dirham 5,300. Zinabaki dirham 3,700, sawa na sh. milioni 2.4. Ukitoa akiba ambayo angeiweka Dar es Salaam, nyongeza halisi ni sh. milioni 2 kwa mwezi, na mtaji wa sh. milioni 8 unarudi kwa miezi minne.

Barua hizo mbili zinatofautiana kwa nusu tu ya mshahara, lakini moja ni biashara na nyingine ni matembezi. Sababu ni kwamba matumizi ya Dubai hayapungui kwa kufuata mshahara, na faida yote iko katika kipande cha juu kinachobaki baada ya kuishi.

Kigezo kinachoweza kuokoa barua ya kwanza ni nyumba. Kijana akipata pa kulala kwa dirham 2,000 badala ya 3,000, akiba inakuwa dirham 1,700, na mtaji unarudi kwa karibu miezi 12. Mwajiri akitoa nyumba yeye mwenyewe, hesabu inageuka kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwajiri wa Ghuba linapaswa kuwa anayelala analala wapi na kwa fedha ya nani. Ikumbukwe pia kuwa kodi ya nyumba Dubai hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, mara nyingi chache kwa mwaka, hivyo mpangaji mgeni anahitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja kabla hajaonja mshahara.

Kiinua mgongo na kile kinachoachwa nyumbani

Katika mfano wa Dar es Salaam kuna fedha ambayo haikuonekana mkononi. Mfanyakazi anakatwa asilimia 10 na mwajiri anatoa nyingine 10. Kwa mshahara wa sh. 1,500,000, zinaingia NSSF sh. 300,000 kila mwezi. Kwa miaka miwili ni sh. milioni 7.2 ambazo mhasibu anayeondoka anaziacha, pamoja na miaka ya kuchangia itakayohesabiwa kwenye pensheni.

Falme za Kiarabu hazina pensheni kwa mgeni. Badala yake kuna kiinua mgongo. Sheria ya kazi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mfanyakazi mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Asiyefikisha mwaka mmoja hapati kitu.

Kiinua mgongo hicho kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, bila posho. Waajiri wanalijua hilo, na wengine hugawa mshahara ili msingi uwe mdogo na posho ziwe kubwa. Katika barua ya dirham 9,000, kama msingi ni 4,500, mshahara wa siku moja ni dirham 150, na kiinua mgongo cha miaka miwili ni dirham 6,300, takriban sh. milioni 4.1. Kama kijana alidhani kitahesabiwa kwa 9,000 yote, alikuwa anategemea dirham 12,600. Nusu imeyeyuka kwa mstari mmoja wa mkataba. Na hata hicho alichokipata hakifikii sh. milioni 7.2 za NSSF.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu naye asidhani deni linabaki uwanja wa ndege. Akiwa ameajiriwa nchini, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara. Akiwa nje hakuna wa kumkata, lakini deni ni lile lile na ni juu yake kulilipa. Liwekwe kwenye orodha ya matumizi tangu mwezi wa kwanza.

Shilingi nayo inapanda na kushuka

Tangu maduka ya kubadilisha fedha yaruhusiwe nchini mwaka 1992, wengi wamezoea kuona shilingi ikishuka, na hivyo kuamini kwamba anayelipwa kwa dola siku zote anashinda. Miaka ya karibuni imetoa somo tofauti. Dola moja ilikuwa kama sh. 2,300 mwanzoni mwa mwaka 2023. Katikati ya mwaka 2024 ilipita sh. 2,600. Kufikia Desemba mwaka huo huo ilikuwa imerudi chini, karibu sh. 2,400.

Kwa mhasibu wa dirham 9,000 anayetuma akiba yote nyumbani, tofauti kati ya sh. 2,600 na sh. 2,400 ni takriban sh. 200,000 kila mwezi. Hakufanya kazi kidogo wala hakula zaidi. Sarafu tu imegeuka. Familia iliyokopa kwa shilingi ili kumsafirisha, ikitegemea dola ya sh. 2,600, imebeba hatari ambayo haikuiandika popote.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kama mtaji ni wa mkopo. Sh. milioni 8 zilizokopwa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi zinadai sh. 240,000 za riba peke yake. Barua ya dirham 6,000, yenye nyongeza ya sh. 40,000, haiwezi kulipa hata riba. Kiwanja cha Chanika kinauzwa kwa ajili ya biashara inayokula mtaji.

Gharama ya kutuma fedha nayo ihesabiwe. Takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2023 zilionyesha kwamba kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kuligharimu wastani wa karibu asilimia 8. Njia zinatofautiana sana, na anayetuma mara moja kwa kiasi kikubwa kwa kawaida hutozwa kidogo kuliko anayetuma vijisenti kila wiki.

London: mlango umekuwa mwembamba

Uingereza inavutia kwa jina, na kwa mhasibu jina hilo lina uzito wa kweli. Miaka mitatu ya kazi huko inasomeka vizuri popote. Hata hivyo viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi imepandishwa bei. Aprili 4, 2024 kima cha chini cha mshahara kwa viza hiyo kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Julai 22, 2025 kikapanda tena hadi pauni 41,700. Mwajiri ambaye zamani angemchukua mhasibu mpya kwa pauni 28,000 sasa hana ruhusa hiyo.

Kuna unafuu kwa anayeanza kazi, kwa mfano aliye chini ya miaka 26 au anayeendelea kusomea sifa ya taaluma inayotambuliwa huko. Kwake kima cha chini kimewekwa pauni 33,400. Mtanzania aliyemaliza CPA akiwa na miaka 27 asijihesabie unafuu huu kabla ya kuthibitisha kwamba yumo katika kundi mojawapo.

Tuseme amepata hizo pauni 33,400. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi kodi. Zinazobaki 20,830 zinatozwa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 8 ya bima ya taifa. Mkononi anabaki na karibu pauni 2,297 kwa mwezi, na chumba cha London kinasubiri sehemu kubwa ya hizo. Kabla ya kupanda ndege, kuna ada ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote kwa mkupuo. Viza ya miaka mitatu inadai pauni 3,105 kwa kifungu hicho tu, mbali na ada ya viza yenyewe.

Kwa kifupi, London si mahali pa kuweka akiba kwa miaka miwili ya mwanzo. Ni mahali pa kununua uzoefu. Familia inayopeleka kijana huko iiweke fedha hiyo katika daftari la elimu, na isitegemee kutumiwa chochote mapema. Anayepelekwa kwa ajili ya kutuma ada za wadogo zake amepelekwa soko lisilo lake.

Majirani wasipuuzwe

Nairobi, Kigali na Kampala hazitajwi kwa msisimko, lakini mtaji wa kuingia huko ni wa nauli ya basi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na mwaka 2011 vyombo vya wahasibu vya nchi wanachama vilitia saini makubaliano ya kutambuliana sifa. CPA ya Tanzania kwa hiyo ina mahali pa kubisha hodi kwa ICPAK ya Kenya, ICPAU ya Uganda na iCPAR ya Rwanda bila kuanza mitihani upya kutoka darasa la kwanza.

Makubaliano hayo hayakuondoa kibali cha kazi, na kila nchi bado inatoa chake kwa utaratibu wake. Soko la Nairobi pia lina wahasibu wake wengi, na si rahisi kumshawishi mwajiri kumwombea kibali mgeni asiye na uzoefu. Sarafu nayo ni ya kuangaliwa. Shilingi ya Kenya ilishuka hadi kama 160 kwa dola Januari 2024, kisha ikapanda hadi karibu 130 katikati ya mwaka huo.

Faida ya ujirani ni kwamba kosa lake si la gharama kubwa. Kazi ikigeuka mbaya, kijana anapanda basi na kurudi nyumbani bila kuacha deni.

Wakala na ahadi zake

Palipo na wanunuzi wengi wenye haraka, madalali hawakosekani. Hapa nchini wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni, na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) ndipo pa kuuliza. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu nayo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Anayedai mhasibu alipe "ada ya mwajiri" ya Dubai kwa simu anadai kitu ambacho sheria ya huko inakikataza.

Ishara nyingine ya hatari ni viza ya matembezi. Kijana anaambiwa aende kwanza kama mtalii, kazi ataipata akifika. Akifika anakuwa mgeni mwenye siku za kuhesabika, kodi ya chumba inayokimbia, na asiye na nguvu ya kukataa mshahara wowote atakaotajiwa. Barua za dirham 4,000 hukubaliwa katika mazingira hayo. Mwajiri wa kweli hutoa barua ya ajira kabla ya safari, yenye mshahara wa msingi, posho, muda wa majaribio usiozidi miezi sita, na anayelipa nauli.

Lini auze

Hesabu zote hizi zinaelekea mahali pamoja. Mhasibu mpya kabisa anauza bidhaa ambayo soko la nje linayo tele, na ndiyo maana anapewa bei ya chini. Mhasibu huyo huyo akikaa nyumbani miaka miwili au mitatu mahali panapofundisha, anauza kitu kingine: amekwisha funga hesabu za mwaka, amekwisha jibu hoja za wakaguzi, amekwisha kaa mbele ya ofisa wa kodi, na usajili wake umekamilika. Tofauti ya bei kati ya bidhaa hizo mbili inaweza kuwa ile ya dirham 6,000 na 9,000, na mfano wa juu umeonyesha thamani yake.

Kwa hiyo gharama ya kusubiri miaka miwili ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa aliyepata barua ya dirham 6,000, kusubiri kunampotezea nyongeza ya sh. 40,000 kwa mwezi, ambayo kwa miaka miwili ni sh. 960,000. Na kwa kusubiri anabaki na sh. milioni 7.2 ndani ya NSSF.

Njia nafuu zaidi ya kutoka ni kuhamishwa na mwajiri. Kampuni kubwa za ukaguzi zenye ofisi Dar es Salaam, yaani Deloitte, EY, KPMG na PwC, zina ofisi duniani kote na huhamishana wafanyakazi. Vituo vya fedha kama Bermuda, Visiwa vya Cayman na Luxembourg pia hutafuta wakaguzi waliokwisha fundishwa na kampuni za aina hiyo. Anayeondoka kwa mlango huo mara nyingi hulipiwa nauli na viza, na baba habishi hodi kwa dalali wa viwanja. Mshahara wa kuanzia katika kampuni hizo unaweza kuwa mdogo kuliko wa kiwanda au benki, lakini sehemu ya malipo iko katika mlango huo.

Wapo wa kuondoka mara moja. Ni yule ambaye mwajiri anagharimia safari na nyumba, au yule ambaye akiba yake baada ya matumizi inarudisha mtaji ndani ya mwaka mmoja, kwa dola ya bei ya chini na si ya juu. Huyo akichelewa anapoteza. Aende, lakini aendelee kulipa ada yake ya NBAA na kutimiza saa za mafunzo endelevu, kwa sababu mikataba huisha na usajili uliokufa nyumbani una gharama ya kuufufua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Familia yenye mhasibu ndani ya nyumba haina kisingizio. Kabla ya kumtafuta mnunuzi wa kiwanja, kijana apewe karatasi moja na aandike safu mbili, Dar es Salaam na huko anakotaka kwenda: mshahara, makato, matumizi, akiba, pensheni au kiinua mgongo, na gharama ya safari. Kama hawezi kuijaza karatasi hiyo kwa sababu mwajiri hajamwambia mshahara wa msingi wala mahali pa kulala, basi hajapata kazi bado, na kiwanja kisiuzwe.